Fundi Velu na Ukoo wa Panga

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga ndama, miaka ile Wajerumani walipokuwa wamekwisha kukaa sawasawa katika boma lao la Arusha, alihamia kwetu Ngarenaro Mhindi mmoja ambaye hatukujua tumweke wapi. Wahindi tuliowazoea walikuwa wenye maduka. Huyu alikuwa mweusi kutuzidi sisi, mfupi, mkimya, na kazi yake ilikuwa kutengeneza magurudumu ya magari ya ng'ombe. Jina lake lilikuwa Velu. Sisi tulimwita Fundi.

Taabu ilikuwa chuma. Gurudumu la mbao huvishwa pete ya chuma, na pete hiyo aliifua mwenyewe mbele ya nyumba yake. Kwetu Waarusha wakati ule, mhunzi hakuwa mtu wa kukaa naye karibu. Chuma kilichotoka mkononi mwake hukukipokea mpaka ujipake mafuta viganjani, na ng'ombe hukuwapitisha mlangoni pake. Wazee walikwenda kumwambia ahame. Baba alikuwa mmoja wao, na alirudi nyumbani hajui acheke au akasirike.

"Anasema yeye si mhunzi wa kuzaliwa," alimwambia Bibi, mama yake. "Anasema kwao, kusini kabisa mwa Uhindi, ukoo wake ni wa watu wa vita. Babu zake walibeba mapanga ya wafalme."

"Na panga lenyewe liko wapi?"

"Anasema analo."

Basi wakamwacha akae, maana mtu wa vita kwetu ana heshima yake. Lakini hakuna aliyemwamini hasa, na Bibi kuliko wote. "Mtu anayekutajia babu zake kabla hujamuuliza," alisema, "huyo mwangalie vizuri."

Tukamwangalia. Alipokataa nyama ya ng'ombe tuliyompelekea, tulisema anatilia shaka jinsi tulivyoichinja. Alipokwenda kuoga mtoni kabla ya jua, tulisema anaosha kitu. Kisha binamu yangu Naserian akaja na habari kwamba mara moja kwa mwaka Fundi hulipaka panga lake damu, na akishalipaka hulisemesha.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nyuma ya ua wake ulisimama mti wa loliondo, mrefu, shina limenyooka bila tawi hadi juu kabisa. Tulikatazwa hata kuugusa. Radi ilikuwa imeupiga mara mbili bila kuuangusha, na Bibi alisema una mwenyewe. "Anayeupanda ule hashuki na siri yake," alituonya. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, sikuwa na siri yoyote, kwa hiyo nilijiona salama. Mti mwingine, mkavu, ulikuwa umeanguka ukauegemea, na hiyo ndiyo ngazi yangu.

Siku ile ilikuwa adhuhuri, ndama wamelala kivulini. Naserian alikuja mbio kusema Fundi ametandaza kitambaa uani. Nilipanda ule mti mkavu hadi kwenye matawi ya loliondo, nikachungulia. Vyombo vyake vyote vilikuwa vimepangwa: nyundo, randa, patasi, misumeno. Kila kimoja kilikuwa na doa jekundu na ua la manjano. Fundi alikuwa amepiga magoti, na yale madoa aliyatoa kwenye kibakuli cha unga mwekundu. Haikuwa damu. Katikati ya kitambaa kulikuwa na panga fupi lililopinda kama mundu. Hata mimi mtoto nilijiuliza kama chombo kile kiliwahi kwenda vitani.

Nilijisogeza nione zaidi. Hapo mti mkavu ukakatika, ukaanguka chini kwa kishindo, nami nikabaki nimekumbatia tawi.

Naserian alipiga ukelele, watu wakaja. Mama alilia. Vijana wa vita walikuja na mikuki, wakautambua mti ni upi, wakasimama. Baba alilitazama shina, kisha akamtazama Bibi. Bibi alitikisa kichwa. Mtu mmoja akasema tuombe ngazi bomani, mwingine akasema mtoto hatastahimili mpaka ifike.

Fundi alitoka uani, doa jekundu likiwa kwenye paji la uso. Alinitazama juu. Kisha, na hili nililiona vizuri kwa kuwa nilikuwa juu, alimtazama Mhindi mwenye duka aliyekuwa miongoni mwa watu. Alimtazama kwa muda. Halafu akavua viatu, akafunga kamba kama pete, akaitia kwenye vifundo vya miguu, akalikumbatia shina. Alipanda kama mtu anayerudi kwake.

"Shika shingo yangu," aliniambia. "Usitazame chini. Tazama sikio langu."

Nilitazama sikio lake mpaka nikagusa nyasi.

Mama alinipokea. Wa kwanza kucheka alikuwa mwenye duka. "Watu wa panga!" alisema. "Huyu ni mgema! Kule kwao wagema ndio hupanda hivyo, kamba miguuni. Hata kisimani hawaruhusiwi kuchota na watu."

Sisi hatukuwa na minazi. Ilibidi tuulize mgema ni nini, naye akatueleza kwa furaha: mtu wa kupanda minazi na kisu kilichopinda, kugema tembo. Wanaume nao wakacheka.

"Nilisema mimi," Bibi akanong'ona. Fundi alikuwa ameinama anavaa viatu, na miguu yake ilikuwa ikivuja damu.

Kesho yake Baba alinichukua, tukampelekea mbuzi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi," akaitikia. Baba hakuweza kujizuia.

"Ulituambia uongo?"

"Baba yangu alikuwa mgema, mzee," alisema Fundi. "Na babu yangu. Lakini mama aliniambia kwamba kabla yao tulikuwa watu wa vita, tukanyang'anywa heshima hiyo. Naye aliambiwa na mama yake. Kama ni uongo, si mimi niliyeutunga."

Baba alimkabidhi kamba ya mbuzi. Alitazama chini njia nzima ya kurudi.

Watoto walianza kumwita Mgema kila alipopita. Nami niliita. Nilisimama na wenzangu kando ya njia nikaita kwa sauti ya juu, naye aligeuka, akaniona ni mimi, akaendelea kutembea. Kabla ya mvua alikuwa amehamia Moshi. Sikumwona tena.

Mpaka leo sijui ukweli wa ukoo wake. Ila nimekuja kufikiri kwamba wanaume waliomcheka siku ile walikuwa haohao waliopigwa na Wajerumani, wakabebeshwa mawe ya kujengea boma, na jioni wakawa wanatusimulia sisi watoto jinsi ukoo wetu ulivyokuwa wa mashujaa. Hakuna aliyewauliza panga liko wapi.

Wajukuu wangu huniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nawaambia alikuwa mtu wa vita, na nadhani ni kweli. Lakini mimi nilimwona kutoka juu, amesimama na wenzake, ananitazama. Hilo sijawaambia. Wala sijawaambia ni nani aliyenishusha.