Uyoga wa Kichuguu Mbele ya Kamera

Nilipoolewa Walikale sikujua kutembea msituni. Kwetu Burungu mtu husimama mlangoni akamwona ng'ombe wa jirani ng'ambo ya bonde, akamtambua kwa rangi. Huku karibu na Mubi, miti ilianza nyuma ya jiko na haikuwa na mwisho. Nikienda kuchota maji niliimba kwa sauti, ili watu wa nyumbani wajue bado nipo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mume wangu alifundisha shule ya misheni, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mimi. Mzungu mmoja wa mgodini, aliyekuwa anarudi kwao, alimwachia kamera: kisanduku cheusi chenye kioo kidogo juu, unachokiinamia kama mtu anayechungulia chungu. Baba yangu alipopata habari hiyo alitutumia ujumbe kwa dereva wa lori. Alitaka picha yangu, aone kama nimekonda.

Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu nifike alikuwa ameniambia chota, koka moto, kula. Sikujua kama ananipenda au ananivumilia tu.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, alirudi kutoka shambani akiwa na matope mpaka magotini. Alisimama mlangoni akasema, "Pale kwa kichuguu uyoga imetoka. Ile mikubwa."

Mume wangu aliruka kutoka kitini, akachukua kamera. Alivaa shati jeupe na tai, kana kwamba uyoga ndio utakaompiga picha yeye. Mimi nilifunga kikwembe changu, kitenge cha Jumapili. Mama mkwe alitutazama, akachukua vikapu, akatangulia.

Uyoga wa kwetu vilimani hukaa kiganjani. Huu ulinifanya nisimame nikiwa nimeshika mdomo. Kofia yake ilikuwa pana kama ungo, rangi ya maziwa, na katikati nundu ya kahawia. Shina lilikuwa nene kama mkono wangu, nalo lilizama ndani ya kichuguu. Na haukuwa mmoja! Ulizunguka kichuguu chote, mwingine ukiwa bado umefumba kama ngumi. Nilicheka peke yangu kwa furaha, bila sababu nyingine.

"Simama nyuma yake," mume wangu aliniamuru kwa sauti ya darasani. "Mama, na wewe pale pembeni. Muangalie huku."

Chini ya miti kulikuwa na mwanga kidogo. Alieleza kwamba kidirisha cha kamera lazima kibaki wazi huku yeye akihesabu polepole, na kwa muda wote huo asitikisike mtu. Akaiweka kamera juu ya kikapu kilichopinduliwa, akapiga magoti.

"Musitikisike. Musipumue. Kitu chochote kisitikisike!"

"Unaambia na uyoga?" mama yake akauliza.

Nilipasuka kicheko. Picha hiyo ikaharibika. Tukarudia, nikajiuma mdomo, lakini niliona mabega ya mama mkwe yanatetemeka. Nikadhani ameshikwa na homa. Kumbe alikuwa anacheka, mdomo umefungwa, machozi yanamtoka. Tangu niingie nyumbani kwake sikuwahi kumwona akicheka. Picha ya pili nayo ikaenda.

"Sasa hii njo picha ya mwisho ya kuchezea," Mwalimu alisema kwa hasira. Akafungua kidirisha, akaanza kuhesabu. Alikuwa bado anahesabu sauti ilipobadilika ikawa nyembamba. Uso ukamwiva. Aliendelea kuhesabu, akakodoa macho, kisha akaruka juu.

"Siafu! Siafu!"

Alikuwa amepiga magoti katikati ya njia yao, nao walishapanda ndani ya suruali. Aliruka mbele yetu akijipiga mapaja, tai inarukia begani.

"Toa pantalo!" mama yake alipiga kelele.

"Mbele yenu?"

"Mimi njo nilikuzala! Na huyu iko bibi yako, ulimuoa! Unaficha nani?"

Suruali ikatoka. Mama mkwe alivunja tawi lenye majani akamchapa nalo miguu yote miwili, huku na huku, naye akilia, "Kidirisha! Mufunge kidirisha!" Nilitambaa hadi kwenye kamera huku nimeishiwa nguvu kwa kicheko, nikakifunga. Kisha nikakaa chini, nikashindwa kuinuka. Mama mkwe akaja akaketi kando yangu, akaniegemea, tukalia pamoja kwa kucheka.

Alipopata pumzi alikata uyoga mmoja mkubwa, akanivuta mkono hadi mahali mti ulipokuwa umeanguka na jua linaingia. Akanishikisha uyoga huo juu ya kichwa kama mwavuli. "Piga huyu vizuri," alimwambia mwanawe. "Baba yake iko anangoja."

Akapiga. Suruali ilikuwa bado imetundikwa kwenye tawi.

Jioni tulikula uyoga huo kwa mawese na chumvi, na nyama yake ilikuwa tamu kama ya kuku. Mume wangu alikula amesimama.

Picha zilirudi na lori kutoka mjini baada ya muda mrefu. Katika ile ya siafu, uyoga ulionekana safi kabisa, huku mimi na mama mkwe tukiwa mawingu mawili. Mume wangu hakuonekana popote. Alirukaruka mno, kamera ikashindwa kumshika.

"Mungu njo alimufunika," mama yake alisema.

Ile yangu tuliipeleka Burungu. Baba alituma jibu kwamba nimenenepa, anashukuru, na miavuli ya namna hiyo inauzwa wapi?

Baadaye, asubuhi nyingine baada ya mvua, mama mkwe aligonga mlango wetu hata moto haujawashwa.

"Amukeni! Tuende kwa kichuguu."

"Filamu imeisha, Mama," mume wangu alijibu kutoka kitandani.

"Nani anakuomba filamu? Mimi iko naita bibi yako."

Nilikuwa nimeshashika kikapu.