Picha ya Ukutani na Mchele wa Mzee Ramazani

Picha ile ilinuka mafuta ya taa. Mwalimu Pius aliipaka mgongoni ili mchwa wasiile, na kila alipoitundika ukutani sisi wa mbele tulibana pua. Ilikuwa kubwa, imetoka Ulaya: watu weusi wamefungwa kamba shingoni, mtu wa kanzu ameinua kiboko, na kwa nyuma askari mzungu anakuja na bendera. Tulifundishwa kujibu kwa pamoja. Nani anapiga? Mwarabu. Nani ametuokoa? Serikali. Wala haikuwa uongo mtupu, maana nyanya yangu Amisa alikuwa na kovu la kamba ile shingoni mpaka tulipomzika.

Lakini msimu ule baba yangu, Mulamba, alikuwa kifungoni hapo Kasongo. Homa ilimlaza, shamba la pamba likamezwa na majani, na Serikali ya wazungu ilitaka pamba, haikutaka habari za homa. Kila asubuhi wafungwa walilazwa chini uwanjani, polisi akawachapa kiboko mbele ya watu, na njia yetu ya shule ilipita palepale. Aliyetulisha siku hizo ni jirani yetu mzee Ramazani, Mwislamu wa kanzu nyeupe. Alimletea mama mchele katika ungo, akisema, "Twaa, mama. Mulamba akirudi asikute nimewakondesha."

Basi siku moja Bwana Mkubwa wa Serikali akaja kukagua shule, na polisi yuleyule akasimama mlangoni. Mwalimu akaniita mimi, msichana, kwa kuwa nilijua somo kuliko wote, akanipa fimbo ya kuonyeshea, akauliza: Nani anapiga? Anayepiga nilikuwa nimempita asubuhi, na sasa ameziba mlango. Nikimtaja, baba ataongezewa siku. Mwalimu akaninong'oneza, "Jibu, mama. Sema vile ulijifunza." Nikagusa kanzu kwenye picha. Bwana Mkubwa akafurahi, akauliza kama namjua Mwarabu yeyote. Nilitaka tu aondoke. Nikasema, "Mzee Ramazani."

Jioni watoto walimfuata mzee njiani wakimzomea: "Ramazani, kamba yako iko wapi?" Aliwapita mpaka kwetu. Akaweka ungo mlangoni, safari hii bila neno, akarudi kwake. Mama akapika. Mimi nikasema tumbo linaniuma, na kesho yake nikasema hivyo hivyo ili nisiende shule. Sikurudi tena. Baba alitoka, mzee Ramazani alikufa kabla sijamwambia kitu.

Siku hizi mjukuu wangu Furaha anasoma Kasongo, na mwalimu wao amewaambia wachore wenyewe mambo ya zamani, wakiuliza wazee. Nimemsimulia yote, akachora pamba, polisi, baba amelala chini. Akauliza, "Na weye, Bibi, nikuweke wapi? Hapa unalia?" Nikamwambia hapana, mtoto wangu. Mchore mzee Ramazani na ungo wake, halafu unichore mimi na fimbo ile ya shule, nimemnyoshea yeye.