Kifuniko cha Mkono wa Kushoto

Mwaka ule nilimwambia mume wangu mapema, maharage yakiwa bado mabichi shambani: likizo ya mwezi wa sita mimi siendi Runazi. Kila kiangazi tulikuwa tunakwenda huko kwa wakwe zangu kuvuna. Sina ubaya nao, ni watu wazuri sana, lakini kuvuna ni kuvuna tu, hata mkivuna huku mnacheka. Safari hii nilitaka nimchukue binti yetu tukakae kwa mama yangu Nyakisasa, tupande vilima, tukate majani, tusuke vikapu.

"Wewe usuke?" akauliza. Mume wangu ni fundi wa malori hapa Nyakanazi, mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alicheka mpaka akaweka spana chini.

"Mimi huyu huyu," nikamwambia. "Cheka umalize."

Alikuwa na sababu ya kucheka. Mimi ni mama lishe. Nawapikia madereva wa malori tangu binti yetu hajazaliwa, na katika nyumba yote ya mama yangu mimi peke yangu ndiye nisiyejua kusuka. Dada zangu wote wanajua. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alisuka kikapu chake cha kwanza kabla hajajua kusoma. Mimi nilifukuzwa mkekani nikiwa na miaka saba, kwa kosa la kuwa mashoto.

Nieleze vizuri. Kikapu cha kwetu kinaanzia katikati ya kitako. Unashika kitita cha majani membamba, unakizungusha, na kila unapozungusha unatoboa mzunguko uliopita kwa uruhindu, ule msumari mrefu wenye mpini wa mti, kisha unapitisha uzi wa katani na kuuvuta. Anayefundishwa anakaa ubavuni kwa mwalimu wake, bega kwa bega, anafanya anachokiona. Kukaa mbele ya mtu mkatazamana ni kwa mgeni. Sasa mimi nilikaa ubavuni kwa mama, nikashika uruhindu kwa kushoto, na kikapu changu kikazunguka kinyume. Mama alikifumua. Nikaanza tena, kikazunguka kinyume tena. Akanichapa kiganja kwa ule ule mpini wa uruhindu.

Nililia, lakini mimi tangu utoto ni mbishi. Nikamwambia basi nitengenezee uruhindu wangu, mdogo, wa mkono wangu. Wanawake waliokuwa mkekani wakaangua kicheko.

"Ukipata mkono, utapata uruhindu," mama akasema, na akanituma maji.

Sikukaa tena mkekani. Shuleni nako wakanichapa mpaka nikaandika kwa kulia, ingawa kisu cha kumenyea ndizi hakuna aliyeweza kukihamisha, kiko kushoto mpaka leo. Niliolewa, nikaja kuishi njia panda penye vumbi na honi, na habari ya vikapu nikaiacha huko. Kilichoniamsha ni binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na siku moja nilimkuta uani anasuka kitu kwa maganda ya migomba na kamba za mfuko wa saruji. Hakuna aliyemfundisha. Kijikapu kilikuwa kimepinda, lakini kilikuwa kikapu, na alikuwa anakisuka kwa mkono wa kushoto. Moyo ulinipasuka. Nilijua likizo moja tu kwa bibi yake ingetosha kumtoa kwenye kitu hicho maisha yake yote. Nikaapa kwamba huyu hatachapwa kiganja, hatachekwa, na ataketi mkekani nikiwepo.

Tulipanda gari la Ngara asubuhi, na kutoka barabarani tukachukua bodaboda, mimi, binti na begi katikati. Mnaojua vilima vya kwetu wakati wa kiangazi mnajua nilichokiona. Majani yote yamegeuka rangi ya mkate, migomba imebaki kijani mabondeni, na asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta juu ya sweta. Mama alitupokea kwenye kibaraza. Binti yangu akapiga goti, "Shikamoo bibi," na mama akaitikia marahaba huku anamshika kichwa kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipoiona mikono yenyewe. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, havikunjiki vizuri.

Kumbe kulikuwa na jambo. Mdogo wangu alikuwa anaolewa mwishoni mwa mwezi ule ule, siku imepangwa juzi tu, na nyumbani kwetu msichana haondoki bila kikapu chenye kifuniko, kilichosukwa na mkono wa nyumbani, ndani yake unga wa mtama. Mama alikuwa amekimaliza kikapu, kirefu, kimetulia, mstari mweusi umepanda kwa ngazi kuelekea kulia. Kifuniko hakikuwepo. Vidole vilikuwa vimekataa. Dada zangu wawili wameolewa mbali, hawangefika ila siku ya sherehe, na bibi harusi hasuki kifuniko chake mwenyewe.

"Nitamwomba jirani," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri aibu.

"Jirani wa nini?" nikasema. "Mimi nipo."

Akanitazama. Sikupenda alivyonitazama.

"Kwa mkono gani?"

Hapo ningesema, kwa huu huu. Ndicho nilichokuwa nimejiapia njia nzima. Lakini jamani, ukirudi kwa mama yako unarudi mtoto. Nikasema, "Kwa wa kulia, mama. Nitajitahidi." Binti yangu alikuwa amesimama pale pale, akasikia.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya raha, nisiseme uongo. Tulipanda kilimani kukata majani kabla watu hawajachoma moto, maana yakishaungua ndiyo basi mpaka mwaka mwingine. Tulibeba viazi vitamu vya kuchemsha na dumu la juisi ya ndizi, tukakaa juu huko upepo unapiga, tunachagua majani moja moja, yaliyonyooka huku, yenye vifundo kule. Nyuzi za mstari mweusi tulizipika kwa ua la mgomba, tukazifukia kwenye tope jeusi la bondeni, na tulipozifukua siku ya tatu zilikuwa nyeusi ti. Jumapili baada ya misa mume wangu alikuja, akajifanya anapumzika, lakini haikupita saa akawa anatengeneza baiskeli ya jirani. Mtu huyo hawezi kukaa. Mdogo wangu alitukimbiza mpaka kijitoni kuogelea, bibi harusi mzima, anarusha maji kama mtoto wa darasa la pili.

Lakini kila alasiri nilikaa mkekani ubavuni kwa mama na uruhindu wake kwenye mkono wa kulia, na kila alasiri niliharibu. Matundu yalikuwa makubwa. Uzi ulilegea. Kifuniko kilikuwa kinajikunja kama sikio la mbuzi. Mama hakunichapa, alinifumulia tu, taratibu, kwa vile vidole vyake, na hilo liliniuma kuliko kuchapwa. Binti yangu alikaa nyuma yetu ameshika magoti. Nilipomwambia sogea ujaribu, akasema hapana, kwa kulia hawezi.

Siku ya tisa nilitoboa kidole. Damu ikadondoka kwenye majani. Nikanyakua kile kifuniko mapajani nikakirusha uani, kuku wakatawanyika.

"Basi!" nikasema. "Mama, mimi mkono huu sina. Sijawahi kuwa nao. Ulinichapa nikiwa na miaka saba na bado haukuja. Na huyu mtoto hapa ni hivyo hivyo, na yeye simruhusu achapwe wala aone aibu. Ama tunasuka kwa kushoto, ama kesho tunarudi Nyakanazi nikapike wali."

Sijawahi kumjibu mama yangu hivyo. Mdogo wangu alichungulia kutoka jikoni akarudi haraka. Mama akawaangalia kuku.

"Kwa kushoto kitazunguka kinyume," akasema mwishoni. "Na mimi sijui kukufundisha kinyume. Ndiyo maana nilikuchapa. Nilikuwa sijui."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, si kwa hilo.

Binti yangu ndiye aliyeinuka. Akazunguka mkeka, akaenda kukaa mbele ya bibi yake, uso kwa uso, pale anapokaa mgeni. Nilitaka kumwambia inuka. Akachukua uruhindu kwa kushoto, na kitita kipya cha majani.

"Bibi, wewe fanya tu kama unatoboa," akasema. "Mimi nakuangalia. Mkono wako wa kulia uko upande wangu wa kushoto."

Mama akainua mkono wake mtupu, akatoboa hewani. Mtoto akatoboa majani. Mama akavuta uzi usiokuwepo, mtoto akavuta uzi. Walikwenda hivyo mzunguko mzima, mmoja anasuka na mwingine anasuka hewa, na tundu halikuwa kubwa wala uzi haukulegea. Mama akaanza kucheka peke yake. "Tazama huyu! Tazama huyu mtoto!" Akaniita nami nikasogea, nikakaa mbele yake karibu na binti yangu. Nililia pale pale mbele yao, na sikujificha.

Zilibaki siku kumi na mbili. Mimi na binti yangu tulisuka kwa zamu, asubuhi mimi, jioni yeye, mama mbele yetu anatoboa hewani na kugomba. "Vuta! Usiubembeleze huo uzi, vuta!" Niliposuka vibaya nilifumua mwenyewe. Siku mbili kabla ya sherehe tukamaliza mzunguko wa mwisho. Mama alikichukua kifuniko akakiweka juu ya kikapu, na sote tukaona tulichofanya. Ule mstari mweusi wa mama ulipanda kuelekea kulia, ukafika ukingoni, na kwenye kifuniko ukageuka kuelekea kushoto. Haukufuatana.

"Watauliza," nikasema.

"Waulize," mama akasema.

Na waliuliza. Siku ya kumsindikiza mdogo wangu, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mzoefu wa vikapu, alikipokea kwa mikono miwili, akakizungusha, akakisogeza karibu na macho.

"Hiki kifuniko kimesukwa kinyume," akasema mbele ya watu wote. "Nani kasuka hivi?"

Nikahisi ile aibu ya nilipokuwa na miaka saba inarudi. Kabla sijafungua mdomo, mama alikuwa ameshasimama.

"Binti yangu na mjukuu wangu," akasema. "Ni watu wa mashoto. Vuta huo uzi uone kama unalegea."

Shangazi akavuta. Haukulegea. Akatikisa kichwa, akacheka, akapiga kigelegele, na wengine wakapokea. Mdogo wangu akaondoka na kikapu chake.

Asubuhi ya kurudi Nyakanazi, pikipiki ikiwa tayari inanguruma, mama alitoka ndani na kitambaa amekikunja. Nilikuwa nimemwona siku zile za mwisho, kila baada ya chakula, anajitenga nyuma ya nyumba na kisu kidogo, nikadhani anachonga vijiti vya kufungia migomba. Akakifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na nyuruhindu mbili, zimetengenezwa kwa spoku za baiskeli, mipini ya mti mpya, bado inanuka utomvu. Kila mpini ulikuwa na kishimo cha kulaza kidole gumba, na kishimo kilikuwa upande wa mkono wa kushoto. Vile vidole vyake, sijui alivikunja vipi.

Moja ilikuwa kubwa, nyingine ndogo kabisa, ya kuingia kwenye kiganja cha mtoto mdogo. Nikampa binti yangu ile ndogo.

Mama akamnyang'anya. Akampa ile kubwa.

"Huyu mkono wake umeshakua," akasema. Kisha akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaufungua, akaiweka ile ndogo ndani, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

"Hii ni yako," akasema. "Mkono ulikuwa nao."