Rangi ya Kabati la Mama

Juzi kijana fundi anayenitengenezea makabati ya jikoni hapa Kabiro alinipangia mezani vipande vinne vya mbao, kila kimoja na rangi yake, akauliza, "Mathe, tupige gani?" Nilivitazama mpaka chai ikapoa. Havikuwa vibaya. Ila sikuhisi chochote, rafiki yangu, na asiyehisi chochote atachaguaje rangi? Nikamwambia arudi kesho. Neno hilo liliponitoka, nikamsikia mama.

Miaka ya sabini tuliishi mtaa wa Kisumu Ndogo, papa hapa Nairobi, chumba kimoja chenye pazia katikati: huku kitanda, kule stovu ya mafuta ya taa iliyotoa masizi kuliko moto. Mama alikuja kama walivyokuja wake wa majirani zetu wengi. Akishavuna, anafika na gunia la mahindi. Mvua ikinukia, anarudi nyumbani kijijini kulima. Mimi nilibaki na baba kwa ajili ya shule. Mama akiwepo, chumba kilinukia dagaa wa omena wa kukaangwa na sabuni ya kipande. Akiondoka, tulikula ugali na sukuma wiki tukisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta wa udongo.

Mwaka mmoja baba aliamua kwamba mama asirudi tena kijijini. Hakumwambia; hakuwa mtu wa maneno. Alikwenda kwa jirani yetu seremala akaagiza kabati la vyombo, la milango miwili, refu kumpita mama. Jirani alilileta likiwa jeupe, mbao tupu, akamwachia mama vipande vitatu vilivyofungwa kwa uzi: chekundu, cha kahawia, na kimoja karibu cheusi. "Shemeji, jiko ni lako," akasema. "Wewe chagua, mimi nitapaka."

Hata mimi, mtoto, nilielewa. Mwanamke hachagui rangi ya kabati mahali anapopita tu. Akichagua, amekaa. Nilitaka akae kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, basi kila nikitoka shule nilikiweka kile chekundu juu ya vingine. Mama alikitazama, akakirudisha chini. Kesho, alisema, atakiona vizuri kwa mwanga wa mchana. Mchana ukifika, anafua nguo.

Kisha habari zikaja kwamba nyanya ameanguka, na shamba halijaguswa. Mama alifunga mzigo wake asubuhi bila kugombana na mtu. Baba aliuliza rangi tu.

"Rangi atachagua anayelala hapa," mama akajibu.

Nyanya hakupata nafuu ya maana, na mama hakuja tena Nairobi. Sisi ndio tuliomfuata, Krismasi kwa Krismasi. Sikulia. Nilipanga sahani zetu mbili ndani ya lile kabati, zikapotea humo.

Baba hakulipaka. Jirani alimkumbusha, akamkumbusha tena, mwishowe akachoka. Stovu ikaendelea na kazi yake, na mafuta ya kukaangia sukuma yakasaidia.

Miaka mingi baadaye baba aliacha kazi, na kabati likafika nyumbani juu ya basi, limefungwa kamba. Mama alilizunguka. Lilikuwa la kahawia, linang'aa, zuri kwa kweli. Akaniuliza mimi, si baba:

"Ni nani alichagua?"

Hapo ndipo nilipojua alichokuwa akiwaza miaka yote hiyo, na ni mwanamke gani mwingine aliyemwona akilini amesimama kando ya stovu yetu. Nikamwambia hakuna mtu, ni moshi. Hakuniamini. Alichota majivu, akalowesha kitambaa, akasugua pembe ya mlango polepole mpaka mbao nyeupe ikatokea, ukubwa wa kiganja. Akaacha. Akakaa sakafuni karibu nalo.

"Kumbe mlikuwa mnaningoja," akasema.

Baba alikuwa nje anakunja kamba. Sijui kama alisikia.

Wote wawili wameshakwenda, na nyanya, na jirani. Kile chumba kilibomolewa. Kabati lililiwa na mchwa, wakaanzia ile pembe. Nilitarajia siku moja mambo haya yatanijia na machozi yake, lakini huja hivi hivi tu, makavu.

Fundi alirudi kesho yake. Nilimwonyesha rangi ya kahawia kabla hajakaa. Mimi napikia gesi. Nikiyaacha makabati meupe, yatabaki meupe.