Duara la Chaki

Aliyefuta ile chaki ni msimamizi wa karakana yetu. Naanza na hapo, kwa maana watu wanataka nianze na kusema ni kazi ya Mungu.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunatengeneza paneli za faiba hapa Nakuru, upande wa viwanda. Unalaza kitambaa, unapaka gundi, katikati sponji ngumu, halafu kitambaa tena. Paneli moja kubwa ilikuwa ya kukanyagwa, njia ya kupita juu ya maghala ya mahindi kule Rongai. Sisi wawili ndio tungeenda kuifunga.

Kabla ipakiwe, msichana mmoja wa chuo akaja kuomba ajaribu mashine yake. Ilikuwa na masikio mawili, moja juu ya paneli, lingine chini, na yote hayaigusi. Alisema inatuma sauti hewani, sauti ambayo mtu hawezi kusikia. Ikifika mahali ngozi, yaani kitambaa cha nje, imeachana na sponji, haivuki.

Sisi tulizoea kugonga na sarafu tusikilize mlio.

"Madam," msimamizi akamwambia, "hata daktari wa ng'ombe lazima aingize mkono!"

Tulicheka wote. Mume wangu, mtu wa Kuresoi, akaongeza, "Kwetu hata kiazi tunakibonyeza kwanza."

Msichana naye alicheka kidogo. Halafu akachora duara na chaki, karibu na ukingo, kama sufuria ya ugali ya watu wanne. "Hapa pameachana. Msipandishe mtu."

Msimamizi akagonga hapo. Ikalia vizuri, ama alisikia alichotaka. Akampigia simu mwenye karakana, na kwa sababu aliweka spika, sote tulisikia jibu. "Lori limefika. Kitu hakijaguswa, kimepimwaje? Pakia!"

Msichana akasema, "Tafadhali, boss." Simu ilikuwa imekatwa. Msimamizi akachukua tambara lenye thina, ile ya kuyeyushia rangi, akapangusa duara mpaka likaisha.

Kule Rongai mume wangu alitangulia na boliti, mimi nyuma na spana, mkanda wangu wa usalama umefungwa kwa chuma. Wake alikuwa ameufungua ili afikie ukingo. Ilibaki boliti moja.

"Leta spana, mama watoto. Leo tunakula nyama."

Paneli ilivunjika ikiwa imebeba yeye peke yake. Ilipoanguka ilinivuta na mimi, nikaning'inia kwa mkanda, nyonga ikatoka, na mpaka leo natembea nikiinama upande.

Kwa mazishi, mwenye karakana alisimama mbele ya watu akasema marehemu alikanyaga vibaya. Msimamizi alikuwa kando yake, akitingisha kichwa kukubali.

Hakukanyaga. Alipiga goti afunge ile boliti. Thina ilikuwa imeacha doa linalong'aa, nikaliona chini ya goti lake, na nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie asogee.