Sauti Tuliyoifuata Pinga

Albamu yetu ya kwanza ilikuwa nusu tu wakati mwimbaji wetu alipoolewa Pinga.

Tulikuwa wanne pale Burungu. Kaka yangu alipiga gitaa la solo, mimi la kusindikiza, jirani yetu alipiga ngoma, na dada mmoja wa korali ya kanisa letu aliimba. Hatukuwa na mtu wa kutusimamia. Nyimbo zilikuwa zetu wenyewe, fupi, za mapenzi tu. Magitaa na ngoma tulivirekodi Kitchanga, kwa fundi aliyekuwa na kompyuta na paneli ya jua ndani ya chumba cha mabati. Mvua ikianza, tuliweka magitaa chini tukangoja. Mvua ya Masisi haina haraka ya kukatika. Tulichelewa, arusi ikatufikia kabla ya sauti.

Kaka akasema tutafute mwimbaji mwingine. "Korali imejaa wasichana."

"Lakini hizi nyimbo alizitunga pamoja nasi," nikamjibu. "Mwingine ataziimba kama mugeni."

Alininunia, halafu akaenda kuazima mashine ndogo ya fundi ya kurekodia. Tukaifunga ndani ya kitenge na plastiki, tukapanda pikipiki. Njia ilikuwa matope. Mahali pengi tulishuka tukasukuma pamoja na dereva.

Dada alitupokea kwa furaha. Mama mkwe wake hakucheka.

"Bibi ya muntu anaimbia watu mapenzi?" akauliza. "Kanisani, sawa. Lakini hizi, hapana."

Dada mwenyewe ndiye aliyejibu, polepole, huku akimmiminia mama maji ya kunawa.

"Mama, hizi nyimbo nilizitunga juu ya mutoto wako, mbele ya kunioa. Sikiliza kwanza. Ukizikataa, nitaacha."

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimekaa naye kando ya shamba la maharage tukitafuta maneno, na sikuwahi kumuuliza mapenzi yale yalikuwa ya nani.

Tukaingia katika ghala la maharage, kwa sababu paa lake lilikuwa la majani na magunia yalimeza mwangwi. Kulikuwa na ekuteri mbili za kusikilizia magitaa na ngoma zetu kutoka kwenye mashine; moja dada akaivaa, nyingine kaka akamvalisha mama masikioni. Dada akaimba. Mama alikaa juu ya gunia, uso umekauka. Wimbo ulipokwisha, akavua ekuteri.

"Ule wa wimbo, anatembea kama anaogopa kukanyaga mayai, njo mutoto wangu?"

"Ndiyo, njo yeye, mama."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Kweli kabisa! Toka akiwa mudogo!" Kisha akatoka kufukuza kuku, akakaa mlangoni ili mtu yeyote asitusumbue mpaka tumalize.

Hatukutengeneza diski. Vijana wanaochaji simu pale Kitchanga waliingiza nyimbo kwenye kadi za memori za simu za watu, zikaanza kutembea zenyewe. Kaka bado anasema sauti ya dada ilikuwa kavu kidogo, tungerudia. Mimi naipenda hivyo hivyo.

Juzi dada alinipigia simu. Sokoni Pinga alikuta wanawake wakiimba wimbo wetu huku wanapima mchele, na hawakumjua.

"Uliwaambia ni wewe?"

"Hapana. Nilinunua mawese yangu, nikasimama kusikiliza kama wanaimba muzuri."

"Na waliimba muzuri?"

"Kidogo tu," akasema, akicheka.