Furu Yangu ya Kichuguu

Bandugu, mukiona ninazunguka mbali nikimuona mama mukwe wangu, musinicheke, ju aibu ya siku ile mpaka leo inaniwaka masikio.

Nilikuwa nimeacha kazi ya mugodi, nikasema nitapika mikate kwangu, nitajitawala (nani alinidanganya?), na mama mukwe aliposikia akapanda treni kuya Élisabethville, akalala kwa jirani, akatuma neno: "Kesho nitaona kazi yake. Kama hana kazi, mutoto wangu narudi naye." Sasa mi matofali ya kujenga furu ya kuchoma mikate sina, lakini nyuma ya nyumba kulikuwa kichuguu kinene kuliko nyumba yenyewe, na udongo yake inashika moto muzuri, basi nikakitoboa shimo, nikapata furu ya bure.

Asubuhi, mvua ya kwanza ya mwaka imepiga usiku, nikaacha unga niliyokanda juu ya meza, nikawasha kuni. Moshi ikaingia ndani, haitoki! Nikavua shati, nikavua suruali (joto ile!), nikabaki na kaputula ya ndani, nikaingiza kichwa na mabega nipulize moto. Mara nasikia banamuke banapiga vigelegele: "Kuyeni! Kuyeni! Iko mingi!"

Moyo ukanijaa furaha. Nikasema, eh, harufu ya mukate imefika mpaka mutaa wa Kenya, kule ngambo ya muji! Kisha nikakumbuka mukate wenyewe haujaingia ndani ya moto. Sasa banakimbilia nini? Nikachungulia chini ya kwapa: beseni, ndoo, masufuria. Nani ananunua mukate na ndoo? Na mbona bote banaenda upande wa pili ya kichuguu?

Nikarudi kinyumenyume, matako mbele, nikamugonga muntu, beseni yake ikaanguka, inswa zikaruka (kumbikumbi banene, moshi yangu imebafukuza bote ndani ya nyumba yao!). Nikageuka. Mamawe! Mama mukwe! Na kwetu, mbele ya mukwe hata kula haukuli.

Akanipa mugongo, akamuuliza binti yake: "Hii njo kazi yake?"

Bibi yangu, masikini, akajikaza: "Ndiyo, mama. Anauza inswa."

"Na siku ingine za mwaka?"

Jioni bibi yangu akapanda treni na mama yake, analia, mi nikabaki na unga iliyojaa mabawa. Alirudi kisha miezi mingi kupita, furu ya matofali imesimama.

Lakini kichuguu, bandugu, hata cha kukalia tu, siku hizi nabisha hodi kwanza.